Chukua mti, acha majani

Ndugu wanachama, kila mwezi wa nane tunajua kazi inayokuja. Kuanzia milima ya Fizi mpaka huku Baraka kando ya ziwa, mtu aliyekata mikaratusi yake, akauza miti ya kujengea na kuchoma makala, anabaki na rundo la matawi, maganda na majani. Mvua inakaribia. Anawasha moto, siku moja shamba linakuwa jeupe, anapanda muhogo.

Muhogo wa kwanza unatoka muzuri, sikatai. Jivu lina potasi, chokaa na fosfori, tena linapunguza uchachu wa udongo. Lakini azoti, ile chakula inayofanya mimea iwe kijani, sehemu kubwa haibaki ndani ya jivu. Inaondoka na moshi.

Tupige hesabu. Kilo 100 za mti mukavu wa mkaratusi kwa kawaida hazifikishi gramu 200 za azoti. Kilo 100 za majani yaliyokatwa mabichi kisha yakakauka zina kilo 1 na nusu hivi. Kwa hiyo tani moja na nusu ya majani makavu ina azoti karibu sawa na mfuko wa urea wa kilo 50. Nani anaweza kuwasha kiberiti chini ya mfuko wa urea?

Siwaambii wamama waache kuni. Tangu kambi ya Lusenda ifunguliwe mwaka 2015, wanaotafuta kuni huku kwetu ni wengi zaidi. Beba matawi manene. Majani, vijiti na maganda vibaki shambani.

Kule Kondi, karibu na Pointe-Noire, Congo-Brazzaville, watafiti walijaribu jambo hili kwenye udongo wa mchanga. Mahali walipoondoa mabaki yote, mikaratusi iliyopandwa baadaye ilikua kidogo. Mahali walipoyaacha, au kuyaongeza, ilikua vizuri zaidi.

Sasa, tuwe wakweli: mabaki hayalipi siku hiyo hiyo. Vijidudu vinavyoyaozesha navyo vinakula azoti. Vinataka sehemu moja ya azoti kwa sehemu 25 hivi za kaboni. Mti wa mkaratusi una kaboni zaidi ya mara 200. Azoti inayokosekana vinaikopa kwenye udongo, na mahindi yako yanageuka manjano. Ndiyo maana hatuchimbii vijiti ndani ya udongo. Vikae juu, mkopo unakuwa mdogo. Majani yanaoza mapema, vijiti vinakawia, mchwa wanasaidia.

Mtu ataniuliza: mbona kule Mampu, kwenye uwanda wa Batéké upande wa Kinshasa, wakulima wanachoma mabaki na wanaendelea kuvuna? Kule ni akesia. Akesia inavuta azoti kutoka hewani kwa njia ya mizizi yake, kama maharagwe, na moto unaamsha mbegu zake zilizolala udongoni ili msitu uote tena. Mkaratusi hauvuti azoti hewani. Ukichoma, hakuna wa kurudisha.

Kwa shamba lako: katakata matawi madogo kwa panga, yapange kwa mistari ya upana wa mita moja, ikikingama na mteremko. Kwetu milimani mistari hiyo inashika pia udongo usishuke na mvua. Katikati ya mistari, msimu wa kwanza panda maharagwe, karanga au soya. Anayetaka mahindi kwa lazima atie samadi ya mbuzi iliyooza kwenye kila shimo. Visiki vikichipuka, acha machipukizi mawili tu, mengine kata na tupa juu ya mistari.

Hatari iko moja, moto wa jirani wakati wa kiangazi. Lima ukanda mtupu wa mita tano kuzunguka shamba kabla ya mwezi wa sita, na mkubaliane kwenye mkutano wa kooperative nani analinda upande gani.