Mali Bila Daftari: Khabari za Barza Yetu na Nasaha kwa Wanachama



Tunapenda kukuleteeni khabari za barza yetu, kwani wengi wenu mko mashamba ya mbali na siku nyingi hamkujaaliwa kufika.

Kwanza jengo. Yale mabati yaliyokuwa yakivuja upande wa kibla yamekwisha badilishwa, kwa michango yenu na kwa mikono ya vijana wetu, waliopanda juu siku mbili bila ya kutaka ujira. Mabao mawili ya kuchezea yamechongwa upya, na ile dhumna iliyopungukiwa vipande imetimia. Wale waliokuwa wakishindwa na kusema "kipande changu kimepotea" sasa watafute udhuru mwingine. Kahawa inapikwa kila siku baada ya Alasiri. Anayekunywa atie anachoweza katika kopo lililo juu ya meza, na tunaomba radhi kusema kwamba wiki iliyopita mlikutwa vifungo viwili vya shati.

Jumatano jioni barza ni ya akina mama peke yao. Jambo hili lilipoletwa wako walionong'ona. Lakini nani asiyejua kwamba karafuu zikishuka mtini, wao ndio wanaokaa usiku kucha na taa kuzichambua, wakitenga karafuu na makonyo mpaka vidole vikawa vyeusi? Tangu wapate siku yao wameanzisha upatu, na kila senti inaandikwa. Tuseme kweli: daftari lao ni safi kuliko letu.

Na hapo ndipo lilipo jambo nililokusudia kulieleza leo.

DAFTARI LA KATIBU

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila khabari. Mimi ni katibu wenu. Daftari la Chama ninalo, na kila mwezi nalisoma mbele ya kamati. Lakini mwaka jana, wakati wa masika, mambo ya nyumbani kwangu hayakuwa na daftari lolote.

Ndugu yangu wa kike alikuwa anaolewa. Mimi ndiye nisimamiaye mahali pa marehemu baba, na nikaona haya watu waje wale pilau kidogo. Nikakodisha shamba langu la urithi, mikarafuu 40, karafuu zikiwa bado hata hazijatoa vichwa. Nilipewa shilingi 700,000 mkononi. Nikazipokea kwa furaha, na arusi ikawa nzuri, kila mtu akaisifu. Sifa zile zilidumu siku tatu.

Msimu ulipofika, mikarafuu ile ilibeba mpaka matawi yakainama. Mimi nilikuwa nimekaa hapa barzani nikinywa kahawa, gari likapita na magunia ya shamba langu kwenda kituoni. Nilipopiga hesabu baadaye, mavuno yale yalikuwa na thamani ya mara tatu ya nilichopewa. Hakunidhulumu mtu. Nilikubali kwa kinywa changu na kutia saini kwa mkono wangu. Mzee mmoja aliyekuwa akicheza bao hakuinua hata uso. Alisema tu: "Katibu, la Chama unalo. Lako wewe li wapi?"

Ndugu zangu, nimeona haya kuyaandika haya, lakini nimeona haya zaidi kuyanyamazia. Kwani tangu siku ile nimeuliza taratibu, na nimejua kwamba si mimi peke yangu. Wako kati yetu wenye mashamba mazuri ambao hawajachuma karafuu zao wenyewe kwa miaka. Kila masika hukodisha, kila msimu hutazama, na kila baada ya msimu hukopa.

MAMBO HAYA SI MAPYA

Tusidhani ni balaa la zama zetu tu. Tokea tufani ya mwaka 1872 ilipoiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, kisiwa chetu cha Pemba, kilichosalimika kwa kiasi kikubwa, ndicho kilichobeba mzigo mkubwa wa zao hili. Mali ilikuja, na madeni yakaja nyuma yake. Katika miaka ya 1930 bei za mazao zilipoanguka duniani kote, karafuu nazo zikaanguka, na wenye mashamba wengi walikuwa tayari wameshayaweka rehani. Bei ilishuka, lakini deni halikushuka. Mwaka 1934 Serikali ya wakati ule ilibidi itunge sheria ya kuzuia mashamba yasitoke ovyo mikononi mwa wenyewe, na mwaka 1938 ikatunga nyingine ya kusuluhisha madeni. Sheria inaweza kulizuia shamba lisiende. Kumfundisha mtu kuweka akiba, hiyo ni kazi yake mwenyewe na ya jamaa zake.

Hivi leo tunauza kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na bei inajulikana kabla hujatoka nyumbani na gunia lako. Basi ikiwa bei inajulikana na shamba ni lako, kilichobaki kutuangusha ni kitu gani kama si hesabu zetu wenyewe?

Kumbukeni pia tabia ya mti wenyewe. Mkarafuu hauzai sawasawa. Mwaka mmoja hubeba sana, na mwaka unaofuata huweza kupumzika usitoe hata cha kujaza pakacha. Mti unapumzika, lakini tumbo halipumziki, wala skuli hazipumziki. Kwa hivyo fedha ya mwaka wa neema si ya mwaka ule peke yake. Nusu yake ni ya mwaka wa dhiki ambao bado haujabisha hodi.

NAMNA YA KUGAWA

Wanachama kadhaa waliniomba niandike njia nyepesi ya kugawa fedha za msimu. Naiandika kama ninavyoifuata mimi sasa, baada ya kuumia.

Kwanza ondoa ujira wa wachumaji na wachambuaji, na zaka kwa anayestahiki kutoa. Hizo si fedha zako, zimepita tu mikononi mwako. Tuseme zilizobaki ni shilingi 3,000,000. Zigawe mafungu manne ya shilingi 750,000.

Fungu la kwanza ni la shamba: palizi, miche ya kujazia pale pengo lilipo, majamvi mapya, na akiba ya kuwalipa wachumaji wa msimu ujao. Mwenye fungu hili halazimiki kukodisha masika, kwani wengi wetu tunakodisha kwa kukosa fedha ya kuchumia. Msisahau miche. Mkarafuu hukaa miaka kama 6 mpaka 8 kabla ya kuanza kuzaa, na anayesubiri mti wa zamani ufe ndipo apande mpya atakaa na njaa miaka yote hiyo.

Fungu la pili ni la madeni na jambo moja kubwa la nyumba, iwe bati, iwe kisima, iwe ada ya mtoto. Jambo moja, si matano.

Fungu la tatu na la nne yaunganishe, ni shilingi 1,500,000. Zigawe kwa miezi 12. Utapata shilingi 125,000 kila mwezi. Najua wako watakaocheka na kusema hizo ni kidogo. Ni kidogo, lakini mwezi wa Aprili, mvua inapomwagika na bahari haivuliki, shilingi 125,000 uliyonayo ni kubwa kuliko milioni uliyokuwa nayo Disemba.

Mahali pa kuziweka chagueni wenyewe. Ziko benki, na ziko zenye utaratibu usiokuwa na riba kwa anayechelea. Viko vikundi vya kuweka na kukopa. Lakini zisikae chini ya godoro, wala zisikae zote ndani ya simu, maana simu iko mfukoni, na mfuko una marafiki wengi.

Kuhusu arusi, sisemi tusile pilau. Nasema tukubaliane sisi kwa sisi. Mtu mmoja akipunguza peke yake ataitwa bakhili, tukipunguza sote itaitwa ada. Maulidi yatasomwa vile vile na bibi arusi atapambwa vile vile, hata kama nyumba haikuwekewa hema tatu.

NA MWILI NAO NI SHAMBA

Msimu ukikaribia, tukumbushane pia siha zetu.

Tawi la mkarafuu huvunjika bila ya kukuarifu. Usipande mti mara tu baada ya mvua, gome likiwa na utelezi. Usipande na njaa, wala ukiwa na kizunguzungu. Nenda na kamba na uifunge kwenye shina lenye nguvu, si kwenye kitawi unachokichuma. Ngazi ikaguliwe kila asubuhi. Na watoto wa skuli wasipandishwe mtini: karafuu za ncha ya juu hazifiki thamani ya mguu wa mtoto.

Akianguka mtu, Mungu atuepushe, tusifanye kama tulivyozoea kumnyanyua mmoja mikono na mwingine miguu. Uti wa mgongo ukiwa umeumia, kumkunja namna hiyo huweza kumpoozesha aliyekuwa apone. Mwacheni alale pale alipo, mmoja amshike kichwa kisitikisike, na mwingine apige simu ya hospitali. Ikiwa hapana budi kumchukua, leteni ubao mpana au mlango, ateremshwe juu yake taratibu, watu wanne au watano wakinyanyua kwa pamoja. Barza sasa ina ubao wa namna hiyo, umewekwa nyuma ya mlango. Tunaomba usifanywe meza ya karata.

Kwa sisi tuliokwisha vuka miaka 30, na wazee wetu khasa, iko maradhi ya sukari na shindikizo la damu. Maradhi haya hayapigi hodi kwa kelele. Mtu huona yu mzima mpaka siku anapoanguka. Tupimwe walau mara moja kwa mwaka, na aliyepewa dawa asiache kwa kuwa amejisikia vizuri, maana amejisikia vizuri kwa sababu ya dawa. Chai yetu ina sukari mno, na halua tunaifanya chakula badala ya kitafunio. Muhogo, majimbi, kisamvu, mchicha, samaki na dagaa vimo humu humu kisiwani, na bei yake haitushindi.

Neno moja la dawa ya nyumbani. Sote tunajua kutia karafuu kwenye jino linalouma, na kweli hutuliza, kwani mafuta yake hutia ganzi. Lakini kutuliza si kutibu. Jino lililooza bado limeoza. Nenda ukatazamwe.

SHAURI LITAKALOLETWA MKUTANONI

Katika mkutano mkuu ujao, kabla ya msimu kuanza, kamati italeta shauri moja, nami naomba mje nalo vichwani. Nalo ni kuwa Chama kianzishe mfuko wa kusaidiana. Kila mwanachama atatoa kidogo katika kila gunia analouza. Mwenye dhiki ya masika atakuja barzani kukopa mkopo mwema usiokuwa na faida, na atalipa msimu ukifika, baada ya kuchuma karafuu zake mwenyewe. Kwa upande wake ataahidi jambo moja tu: hatakodisha shamba lake kabla ya kutuarifu.

Liko swali gumu, nami silifichi. Je, mtu atakubali kuja barzani mbele ya wenziwe na kusema "nyumbani kwangu hamna kitu"? Sisi ni watu wa haya, na haya ndiyo inayotupeleka usiku kwa mkodishaji. Kwa hivyo kamati imependekeza kwamba maombi yapokelewe na watu watatu tu, mmoja wao akiwa mama kutoka kundi la Jumatano, na yasitoke nje ya chumba. Ikiwa mnayo njia iliyo bora, ileteni.

Mkikubali au mkikataa, ni haki yenu. Ombi langu ni kwamba msikatae kwa kunyamaza. Tumezoea kukaa barzani tukizungumza khabari za dunia nzima, za mipira ya Ulaya na vita vya mbali, na jirani uliyekaa naye bega kwa bega anaondoka na siri yake. Barza yenye mabati mapya na kahawa ya moto, lakini mtu hawezi kusema ndani yake jambo linalomkosesha usingizi, hiyo ni kivuli cha kujikinga jua tu. Kwa hilo, hata mwembe ungetutosha.

Mimi tokea Januari nimenunua daftari la shilingi elfu moja, lenye jalada la buluu. Masika haya sikukodisha. Yalikuwa mazito, na mara mbili nilifika mpaka mlangoni kwa mtu nikarudi. Mikarafuu 40 hivi sasa iko pale pale, na vichwa vimeanza kutoa. Inshallah msimu huu gari litakapopita, nitakuwa mimi niliyekaa juu ya magunia.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wenu