Pesa Mbili za Sayyid Barghash

Nimeletewa suala na dada wawili. Marehemu mama yao ameacha pesa mbili za shaba nyekundu, na warithi wengine wamewasamehe. Mnunuzi wa sarafu za kale amezipa zote daraja moja. Kila dada atwae moja; lakini wote wawili wanaitaka ile ing'aayo.

Pesa hizo zilipigwa kwa jina la Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja na mwambao wetu kuanzia 1870 hadi 1888. Upande mmoja pana jina lake kwa hati ya Kiarabu. Upande wa pili pana mizani, na mwaka 1299 wa Hijra, unaoelekeana na 1882.

Daraja hupima hasa uchakavu. Kipimo kinachotumiwa sana, cha 1 hadi 70, asili yake ni kile alichokitunga Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kwao. Sarafu mbili zaweza kukutana katika nambari moja na thamani zikaachana mbali, kwani shaba ina siri yake katika ngozi.

Mshike pesa kwa ukingo, si kwa uso, maana jasho la kidole huacha alama isiyotoka. Isogezeni dirishani, muigeuze polepole ili nuru iingie kwa ubavu. Rangi ya hudhurungi iliyotulia si uchafu. Ni utando uliojengwa na miaka, nao huikinga shaba. Yenye wekundu mkali usiolingana na umri wake, na mitai myembamba inayokwenda upande mmoja, hiyo imesuguliwa. Ndimu, ukwaju na jivu ni vyema kwa sinia za harusi, lakini kwa sarafu ni msiba: mng'ao hupatikana kwa kuondoa ngozi, na ngozi hairudi. Wajuzi huikwepa hata kama herufi zote zasomeka. Unga wa kijani nao ni kutu inayokula. Kati ya yenye unga huo na yenye mkwaruzo mdogo wa zamani, chukueni yenye mkwaruzo.

Nilipowauliza, dada mkubwa alisema kuwa mama yao aliisugua moja siku za Idi, miaka mingi nyuma. Basi aliyejua hilo hana ruhusa kulinyamazia wakati mdogo wake anachagua. Kasoro hubainishwa kabla ya makubaliano. Mnunuzi aliyefichwa aibu ya bidhaa ana hiari ya kuirudisha, na ndugu hastahiki kutendewa chini ya mgeni wa dukani.

Zikiwa hazilingani thamani, zikadiriwe upya na mtu mwingine asiye na nia ya kuzinunua. Atakayetwaa ya juu amfidie mwenziwe nusu ya tofauti, kwa ridhaa ya wote wawili. Wakishindwa kuelewana, ziuzwe, wagawane fedha sawasawa.

Ikiwa watazihifadhi, kila moja ikae katika karatasi kavu isiyo na tindikali, mbali na upepo wa chumvi. Vifuko vya plastiki laini vinavyonuka visitumike, kwani navyo huzaa ukijani.