Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu

Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu (kifupi: SOMAFCO) kilikuwa shule ya chama cha African National Congress (ANC) cha Afrika Kusini, iliyojengwa Mazimbu, pembezoni mwa mji wa Morogoro nchini Tanzania. Kilifundisha watoto na vijana waliokimbia utawala wa ubaguzi wa rangi tangu mwaka 1978 hadi 1992. Leo majengo yake ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), na hospitali yake inahudumia pia wakazi wa Morogoro.

Chanzo

Sheria ya elimu ya mwaka 1953 nchini Afrika Kusini iliwatenga watoto Weusi katika shule duni, zenye lengo la kuwaandaa kwa kazi za chini. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga amri ya kufundishwa baadhi ya masomo kwa Kiafrikaans. Polisi waliwapiga risasi. Baada ya hapo maelfu ya vijana walivuka mipaka kuingia Botswana, Uswazi na Msumbiji.

Wengine walijiunga na jeshi la ANC, Umkhonto we Sizwe. Lakini wengi walikuwa wadogo mno, au walitaka kwanza kumaliza masomo. ANC, iliyopigwa marufuku kwao tangu 1960, ilihitaji mahali pa kuwasomesha. Tanzania ilikuwa imeipokea mapema: wapiganaji wake waliwahi kuwa na kambi Kongwa, na mkutano wake mkubwa wa mwaka 1969 ulifanyika Morogoro. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa eneo la Mazimbu, lililokuwa shamba la mkonge lililoachwa. Anna Abdallah, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Morogoro, alikuwa miongoni mwa waliosaidia kulipata.

Jina

Solomon Kalushi Mahlangu alizaliwa Pretoria mwaka 1956. Aliondoka nchini baada ya maandamano ya Soweto, akapata mafunzo ya kijeshi Angola, akarudi kwa siri mwaka 1977. Yeye na mwenzake walikamatwa Johannesburg baada ya mapambano ambamo raia wawili waliuawa. Mahlangu hakuwa ndiye aliyewapiga risasi, lakini mahakama ilimhukumu kwa kushiriki kusudi moja na mwenzake. Alinyongwa tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Shule ikapewa jina lake mwaka huohuo.

Ujenzi na maisha

Wanafunzi wa kwanza walianza katika nyumba za zamani za shamba la mkonge. Majengo mapya yalijengwa hatua kwa hatua na Waafrika Kusini pamoja na mafundi na vibarua Watanzania, kwa misaada ya nchi na vyama vya mshikamano, hasa vya Skandinavia na Uholanzi. Rais wa ANC, Oliver Tambo, alifungua chuo rasmi mwaka 1985.

Mazimbu ilikua ikawa kama kijiji kamili. Palikuwa na chekechea, shule ya msingi, sekondari, kituo cha akina mama na watoto wachanga kilichoitwa kwa jina la Charlotte Maxeke, maktaba, shamba la mazao na mifugo, na karakana ya samani iliyoitwa kwa jina la Vuyisile Mini, kiongozi wa wafanyakazi aliyenyongwa mwaka 1964. Wanafunzi walichanganya masomo na kazi za mikono. Pamoja na hisabati na sayansi walisoma historia ya mapambano na somo la maendeleo ya jamii. Mwaka 1982 ANC ilipewa eneo la pili, Dakawa, kaskazini mwa Morogoro.

Kukabidhiwa Tanzania

Marufuku dhidi ya ANC iliondolewa tarehe 2 Februari 1990, na wakimbizi wakaanza kurudi kwao. Chuo kilifungwa, na Julai 1992 Mazimbu ikakabidhiwa kwa serikali ya Tanzania bila malipo. SUA ikapewa majengo hayo na kuyaita Kampasi ya Solomon Mahlangu. Kwa hiyo mabweni na madarasa yaliyojengwa kwa ajili ya wakimbizi sasa yanatumiwa na wanafunzi wa Kitanzania. Nyaraka za shule zilipelekwa Chuo Kikuu cha Fort Hare, Afrika Kusini.

Kumbukumbu

Mazimbu lina makaburi ya Waafrika Kusini waliofia uhamishoni bila kuuona uhuru wa nchi yao mwaka 1994. Wajumbe kutoka Afrika Kusini huyazuru.

Kuna urithi mwingine usioonekana katika majengo. Katika miaka ile Waafrika Kusini na Watanzania walioana na kuzaa. Wakati wa kurudi, baadhi ya wake walifuatana na waume zao, lakini wengine walibaki Morogoro na watoto. Baadhi ya watoto hao walikua bila kumjua baba, na wakiwa watu wazima waliendelea kutafuta ndugu zao upande wa pili.