Nishati Safi, Nishati Jadidifu na Nishati Mbadala

Katika tafsiri nyingi, istilahi hizi tatu hutumiwa kana kwamba ni visawe. Yafaa zitenganishwe.

Nishati jadidifu ni ile ambayo chanzo chake hujirudia kwa njia ya asili: jua, upepo, maji yatiririkayo, na jotoardhi, ambalo huko Olkaria, Kenya, limezalisha umeme tangu mwaka 1981. Neno hili limeundwa kutokana na kitenzi jadidi, yaani fanya upya, kwa kuongezwa kiambishi tamati, kama haribifu kutokana na haribu. Nishati safi huhusu moshi na madhara yake, wala si chanzo. Nishati mbadala ni ile ishikayo nafasi ya nyingine. Maana yake hutegemea kinachoachwa.

Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unakusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi watumie nishati hiyo. Gesi ya mitungi imo, ingawa si jadidifu. Kuni, kinyume chake, ni jadidifu endapo miti hupandwa tena, lakini moshi wake hudhuru mapafu ya mpishi. Mfasiri aandikaye “jadidifu” mahali pa “safi” huiondoa gesi katika mpango na kuziingiza kuni.

Kwa hiyo tunashauri kwamba mfasiri, kabla ya kuteua istilahi, abaini kwanza iwapo matini yazungumzia chanzo, madhara, au badiliko lenyewe.