Majina Yasiyo na Makaburi

Katika Barabara ya Kenyatta, katikati ya Nairobi, sanamu za mashujaa wa Vita vya Kwanza vya Dunia huonwa na kila apitaye. Lakini ni wanafunzi wangapi waliowahi kufika kwenye makaburi ya vita kando ya Barabara ya Ngong?

Huko yameandikwa majina ya askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Mwaka 1944 walisafiri kutoka Kilindini kwenda Ceylon, Sri Lanka ya leo, katika meli Khedive Ismail. Nyambizi za Kijerumani na za Kijapani zilikuwa zikiwinda meli katika Bahari ya Hindi. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli hiyo kwa topedo. Ikazama kwa dakika chache. Watu wapatao 1,300 walikufa. Manowari za Uingereza ziliizamisha nyambizi siku iyo hiyo, lakini mabomu yao yaliwaua pia manusura waliokuwa wakielea.

Wanahistoria wengi huhesabu tani za meli zilizozamishwa. Walimu wenzangu, tuwafundishe vijana kuhesabu watu. Tuwapeleke Barabara ya Ngong, wayasome majina hayo kwa sauti.