Kokwa ya parachichi: Mti utaota, lakini tunda je?

BAADA ya mlo, kokwa ya parachichi hutupwa jaani pamoja na maganda. Majuma kadhaa baadaye, mvua ikiwa imenyesha, mche wenye rangi ya kahawia-nyekundu huchomoza papo hapo kati ya majivu na mabaki ya viazi. Katika maboma ya Murang'a, Kisii au Meru, hilo ni jambo la kawaida. Mwenye boma huuona, akauonea huruma, akauzungushia vijiti ili kuku wasiuchakure, kisha akauacha ukue. Miparachichi mingi ya vijijini ilipata kuwapo kwa njia hiyo: haikupandwa na mtu, ilisamehewa tu.

Kuotesha kokwa, basi, si kazi ngumu. Hata mtoto wa shule ya msingi aiweza. Suala linalostahili kupimwa kabla ya kushika jembe ni la miaka sita au saba ijayo, au hata zaidi ya kumi: mti huo utazaa tunda gani, na je, mwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100 ana nafasi ya kungojea jibu?

La kwanza ni kuteua tunda. Linalofaa ni lile lililokomaa na kuchumwa mtini, wala si lililoanguka na kulala chini. Udongoni huishi kimelea kiitwacho Phytophthora cinnamomi, ambacho huozesha mizizi na ndicho adui mkubwa wa mparachichi popote ukuzwapo duniani. Kokwa iliyogusa udongo wenye kimelea hicho huondoka nacho hadi kitaluni. Wenye vitalu vya biashara huzitumbukiza kokwa katika maji ya moto ya nyuzi 50 hivi kwa muda wa nusu saa ili kukiua. Asiye na kipimajoto asijaribu jambo hilo, kwa kuwa joto likizidi kidogo tu huiua kokwa yenyewe.

Kokwa hii haihifadhiki kama punje ya mahindi au harage. Mbegu hizo hukaushwa zikangoja msimu. Kokwa ya parachichi ikikauka imekufa. Ioshwe, mabaki ya nyama ya tunda yaondolewe, isianikwe juani, na ipandwe katika siku chache tangu tunda lipasuliwe. Ikilowekwa usiku kucha, ile ngozi yake nyembamba ya kahawia hulegea na kubanduka kwa vidole, na kokwa iliyovuliwa ngozi aghalabu huota mapema kuliko iliyoachwa nayo. Upande bapa ndiko hutokea mzizi, nao hukaa chini. Ncha hutazama juu. Anayeipindua huichosha bure.

Kuna wanaoiotesha kwa maji. Kokwa huchomekwa vijiti vitatu vya kuchokolea meno ubavuni, ikaning'inizwa mdomoni mwa bilauri ili theluthi yake ya chini izame. Watoto hufurahia sana njia hii kwa sababu huuona mzizi ukishuka siku baada ya siku. Maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili tatu, kwanza yasioze, na pili yasiwe mazalio ya mbu, jambo ambalo wakazi wa Pwani na maeneo ya Ziwa Victoria hawahitaji kuelezwa. Ila mizizi iliyozoea maji hutaabika kidogo ihamishiwapo udongoni. Kwa anayetaka mti na si pambo la dirishani, afadhali aanze na udongo.

Chombo kiwe kirefu, maana mzizi mkuu hushuka haraka kuliko shina linavyopanda. Mtungi wa plastiki wa lita tano wa mafuta ya kupikia, uliokatwa juu na kutobolewa matundu chini kwa msumari wa moto, hutosha kabisa. Hujazwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza barabara pamoja na mchanga kidogo, kokwa ikafukiwa hadi ncha yake ichungulie. Maji yawe ya kulowesha, si ya kufurika. Mahali penye joto huota kwa mwezi mmoja au mmoja na nusu. Huko Limuru au Nyandarua kwenye baridi, huenda miezi miwili ikapita kabla ya kokwa kupasuka katikati. Wengi hukata tamaa hapo na kuifukua, ilhali ndani imekwisha kuanza kazi. Maadamu haijalainika na kunuka, iachwe.

Mche ukishachipuka, kokwa isitenganishwe nao. Ndiyo ghala yake, na kwa miezi ya kwanza hula humo zaidi ya kula udongoni. Uwekwe penye kivuli chepesi, kisha usogezwe juani taratibu.

Hapo ndipo huzuka suala la tunda. Ua la mparachichi hupokea chavua kutoka miti mingine, ikiletwa na nyuki, na mti wenyewe ni mchanganyiko wa damu nyingi. Kila kokwa, kwa hiyo, ni mtoto wa wazazi wawili, wala si nakala ya mama yake. Kokwa ya parachichi la Hass, lile la ngozi yenye vijivimbe ambalo hugeuka jeusi likiiva, haizai Hass. Inaweza kuzaa tunda zuri, au tunda la majimaji lenye nyuzi, au kokwa kubwa iliyofunikwa nyama kiduchu. Mti uliotokana na kokwa pia huchelewa: wenye haraka huzaa baada ya miaka mitano, wengine hupita kumi. Mnunuzi anayetafuta matunda ya kuuza ng'ambo atauliza aina kwa jina, na tunda lisilo na jina litabaki la kuliwa nyumbani au kupelekwa soko la Wakulima, Nairobi, maarufu kama Marikiti.

Mara chache, bahati nasibu hiyo hutoa zawadi kubwa. Hass yenyewe ilitokana na kokwa. Katika miaka ya 1920, Rudolph Hass, mpeleka barua wa California, Marekani, alipanda kokwa huko La Habra Heights akinuia kuzitumia kubebea aina ya Fuerte, ambayo ndiyo iliyosifika zama hizo. Mche mmoja ulikataa kupandikizwa, akawa karibu kuukata. Aliuacha, na ulipozaa, yasimuliwa kwamba watoto wake walilipenda tunda hilo kuliko Fuerte. Mwaka 1935 alisajili haki ya ubunifu wake. Mti huo wa kwanza ulikufa kwa ugonjwa wa mizizi, ukakatwa mwaka 2002, lakini kila mti wa Hass duniani, pamoja na ile ya Murang'a na Nandi, umetokana na vijitawi vyake. Idadi ya kokwa zilizopandwa na wengine zisitoe lolote la maana, hakuna aliyeihesabu.

Asiyetaka kucheza kamari hiyo ana njia ya kati: kuutumia mche wake kubeba tawi la aina anayoijua. Kwa kazi hii, kokwa ya parachichi la kienyeji ndiyo inayopendwa, kwa kuwa mche wake huwa na nguvu na umezoea udongo wa mahali. Mche ukifikia unene wa penseli, jambo linalochukua miezi sita hivi au zaidi, hukatwa kwa kisu kikali kilichosafishwa, kiasi cha sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini, kisha shina likapasuliwa katikati kwa sentimita tatu au nne. Kijitawi chenye unene sawa na huo, kilichotolewa kwenye mti unaozaa na ambacho macho yake yameanza kuvimba bila kufunguka, huondolewa majani, kikachongwa kama kabari na kutiwa katika ule mpasuko. La muhimu ni utando wa kijani ulio chini ya gome: wa kijitawi na wa mche sharti ugusane, angaa upande mmoja. Hufungwa imara kwa utepe wa plastiki, kikafunikwa kisikauke. Macho yakichipua baada ya wiki tatu hadi sita, kimeshika. Chipukizi lolote litokalo chini ya kiungo lipogolewe, la sivyo kienyeji kitarudi kutwaa mti.

Mti wa namna hii huzaa baada ya miaka mitatu au minne, kwa sababu tawi lililopandikizwa huja na umri wake. Kwa hesabu ya mwili, ni tawi la mti mzima lililopewa mizizi michanga. Anayeona mkono wake hautulii kisuni aweza kumwita fundi wa kitalu. Kazi yenyewe ni ya dakika chache.

Kuhamishia shambani hufaa mvua za masika zinapoanza. Shimo la sentimita 60 kila upande latosha, na kiungo kibaki juu ya udongo. Mparachichi wa kokwa usiopogolewa waweza kupita mita 15 kwenda juu, kwa hiyo usipandwe chini ya nyaya za umeme wala kubanwa ukutani. Mizizi yake mingi hulala karibu na uso wa ardhi, haivumilii maji yaliyotuama, na udongo mweusi wa mfinyanzi huiua. Magugu yang'olewe kwa mkono, jembe likae mbali, na nyasi kavu zitandazwe kuzunguka shina bila kuligusa. Majani yaliyopogolewa yasitupiwe mbuzi wala sungura, kwani yana sumu ambayo huwadhuru wanyama hao, na mbuzi wa maziwa huweza kuvimba kiwele.

Wale ambao tayari wana mti mkubwa wa kokwa unaowapa matunda wasiyoyataka hawana haja ya kuung'oa. Shina hukatwa kiasi cha mita moja kutoka ardhini, tawi moja likaachwa liulishe mti, na gome lililobaki wazi likapakwa chokaa lisiunguzwe na jua. Machipukizi yanayofuata huchujwa, yakabaki machache yenye nguvu, na hayo ndiyo hupandikizwa Hass au Fuerte. Kwa kuwa mizizi chini ni ya mti uliokwisha kukomaa, matunda mapya huweza kuonekana baada ya miaka miwili au mitatu.