Kaa wa hodhini hafanani na wa baharini

KAA aliyetotolewa hodhini na yule aliyezaliwa baharini ni wa jinsi moja, lakini maumbile yao hutofautiana. Tofauti hizo ni ndogo kwa macho, ila zaweza kuamua nani ataponea meno ya samaki.

Suala hili lilichunguzwa katika ghuba ya Chesapeake, Marekani, ambako kaa wa samawati walipungua mno katika miaka ya 1990. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanasayansi jimboni Maryland walianza kuwatotoa kaa na kuwaachilia ghubani kwa maelfu. Walipowalinganisha na wenzao wa asili, waligundua kuwa wa hodhini walikuwa na miiba mifupi zaidi pembeni mwa gamba, na rangi tofauti.

Mwiba mrefu humfanya kaa awe mgumu kumezwa, nayo rangi inayolingana na matope humficha. Hodhini hakuna adui wala matope.

Hata hivyo, kasoro hiyo si ya kurithi. Kaa hukua kwa kujivua gamba, na anapokuwa mchanga hulivua mara kwa mara. Walipowekwa katika mazingira ya asili, kaa hao walianza kufanana na wenzao. Hatari kubwa basi ni siku za kwanza baada ya kuachiliwa.

Kwa kaa wa mikoko, ambaye ndiye afugwaye katika Pwani ya Kenya, matatizo huanza mapema zaidi. Kiluwiluwi wake hupitia hatua tano kabla ya kuanza kufanana na kaa. Katika vituo vya kutotolea, baadhi yao huota magando makubwa kabla ya wakati, wakashindwa kujivua gamba na kufa. Lishe ni miongoni mwa sababu zinazotajwa.

Wafugaji wetu wengi bado hutegemea kaa wachanga wanaonaswa mikokoni, na kadiri wanavyonaswa ndivyo mikoko inavyobaki mitupu. Vituo vyaweza kupunguza mzigo huo. Anayefugwa kizimbani hadi sokoni hahitaji sana miiba mirefu. Lakini anayerejeshwa baharini sharti kwanza apewe matope, maficho na muda wa kubadili gamba. La sivyo, tutakuwa tunawalisha samaki kwa gharama kubwa.